Maji ya Mgeni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mstari. Ulikuwa ndani ya kikombe cha Mzee, chini kidogo ya ukingo, rangi ya kahawia, umezunguka pande zote kama pete. Nikadhani ni chai.

"Mmeanza kumpa mtoto chai?" nikamuuliza dada.

"Chai gani? Huyu hata uji anautema. Ni maji tu."

Mzee ni mtoto wa dada yangu. Ana jina lake, lakini hakuna anayelitumia. Alizaliwa amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bila sababu ya maana, na alipoanza kutembea akawa anaweka mikono nyuma na kupita uani akiangalia ndoo, kuku na kamba ya nguo, kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua wapangaji. Ndipo watu wakamwita Mzee. Kikombe chake ni cha bati, cheupe, kina ukingo wa bluu. Hakubali kunywea kingine.

Niliusugua ule mstari kwa kidole, haukutoka. Nikautia majivu, ukatoka. Baada ya siku chache ukarudi palepale. Sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kusema. Fundi, ninayefanya kazi kwake, ananiita Kimya, na mteja akiniuliza jambo yeye hudakia, "Usijisumbue, huyo tumemnunua bila sauti."

Tunaishi kwa Mama Mkubwa, dada yake mama yetu. Mama alipofariki, Mama Mkubwa alikuja na gunia moja akabeba vitu vyetu vyote humo, akatushika mikono. Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Foleni ya bomba ilianza asubuhi na shule nayo ilianza asubuhi, na mtu ni mmoja.

Bomba lenyewe liko mwisho wa uchochoro wetu, karibu na ukuta wa mashine ya kusaga. Hutoa maji baadhi ya asubuhi, na asubuhi nyingine hukohoa tu. Maji hutoka kwenye bwawa lililo chini ya kilima. Mama Mkubwa anasema zamani kilima kile kilikuwa na miti mpaka ukipita mchana unasikia baridi. Mimi nimekikuta kipara. Mvua siku hizi ikija inakuja kwa hasira, inabomoa, inachukua udongo wote wa juu na kuumwaga bwawani, kisha inatususa miezi mingi. Bwawa likishuka, bomba linanyonya chini kabisa, palepale ng'ombe wanapokanyaga. Hayo ndiyo maji tunayokunywa.

Kwa Fundi kazi yangu ni kushona vifungo na kupiga pasi. Nguo nyeupe zilianza kunipa taabu. Nikinyunyiza maji kabla ya pasi, shati linabaki na madoadoa. Karani mmoja alirudisha lake akalitandaza mezani.

"Fundi, hili shati mmelipigia pasi juu ya kuku?"

Fundi alilitazama, akanitazama mimi, akatazama ndoo. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Nilijua atanigombeza. Badala yake aliiinua ndoo, akaimwaga mlangoni mbele ya karani mpaka viatu vyake vikaruka.

"Mimi nimechoka," akasema. "Nguo inaona aibu kuvaa maji haya, halafu sisi tunayanywa."

Kikundi kilianzia hapo. Jumapili iliyofuata watu walikuja wakakaa juu ya mabunda ya vitambaa: kina mama wengi, kina baba wachache, na mke wa muuza mkaa ambaye hakuna aliyetegemea angekuja. Nilikuwa nikipitisha viti na kusikiliza. Fundi alisimama katikati, futi yake ya kupimia bado shingoni.

"Nesi anatuambia tuchemshe," alisema. "Sawa. Tope likichemshwa linakuwa tope la moto, lakini sawa, wadudu wanakufa. Kuchemsha kunataka mkaa. Mkaa unatoka wapi? Juu kule. Tunakata mti ili tuchemshe maji yaliyochafuka kwa sababu tulikata mti. Jamani, hata mbuzi angeshtuka!"

"Usiniangalie mimi," akasema mke wa muuza mkaa. "Mume wangu anauza, nyie mnanunua."

"Sikuangalii wewe. Naangalia sote."

Wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, kupanda miti kilimani, juu ya bwawa. Tulipanda. Tulibeba maji ya kufulia kwa ndoo, tukamwagilia kila mche mpaka migongo ikatuuma, mbuzi wakala mingine, tukapanda tena na kuizungushia miiba. La pili, kuiandama ofisi ya maji mpaka itusikie. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko miti. Fundi alikwenda, akaambiwa bosi hayupo. Akaenda tena, akaambiwa bosi yupo lakini yuko kikaoni. Siku moja alikwenda na cherehani yake, akaiweka barazani kwao, akashona huko mpaka jioni. Hapo ndipo walipomsikiliza.

Akarudi na habari. Kulikuwa na bomba jipya, la chemchemi iliyo nyuma ya kilima, lenye tangi la kuchuja. Lakini mwaka huu lingekwenda mtaa mmoja tu, ule wenye hali mbaya kuliko yote. Afisa angepita mitaani, ajionee kwa macho yake, kisha aamue.

"Kwa macho yake!" Fundi aliimba. "Basi tumeshashinda. Kwa uchafu hakuna wa kutushinda sisi."

Dada alimbeba Mzee akamzungusha. Mzee alikuwa ametoka kuharisha wiki nzima, shingo imekuwa nyembamba. "Umesikia, Mzee? Maji mapya!" Mzee akamkunjia uso.

Sasa nieleze yaliyotokea, maana mpaka leo nikiyafikiria sijui nicheke au nirushe kitu ukutani.

Tulipoambiwa mgeni anakuja, mtaa mzima ulishika ufagio. Hakuna aliyeamuru. Uchochoro ulifagiwa mpaka udongo ukang'aa. Sakafu ya bomba ilisuguliwa kwa mchanga, na ule utando wa kijani uliokuwa pale tangu tuhamie ukapotea. Ndoo zilisuguliwa, zikapinduliwa juani. Mama Mkubwa alifungua kabati lake, akatoa glasi za harusi yake, zile ambazo sisi watoto wa nyumba hii hatujawahi kuzigusa ila kwa macho. Akazifuta moja moja.

"Na wewe, mwanangu," akaniambia, "hicho kikombe cha Mzee kisugue. Mgeni akikiona hivyo atasema tunalea nguruwe."

Nikakisugua kwa majivu. Mstari ukatoka.

Siku yenyewe afisa alichelewa. Jua lilikuwa limeshapanda alipofika na gari la ofisi, na dereva wake akabaki ndani akijipepea. Afisa alikuwa mtu mpole, wa makamo, anayefuta kipara kwa leso. Fundi alimpeleka moja kwa moja kwenye bomba. Watu tulijaa nyuma yake kama harusini. Fundi akafungua.

Bomba likakohoa. Likakohoa tena. Tone moja likaning'inia, likakataa kudondoka.

"Leo si siku yake," mtu akasema nyuma.

"Basi nitayaona majumbani," afisa akasema.

Tukaenda kwa Mama Mkubwa kwa sababu ndiye mwenye viti vya kukalisha mgeni. Afisa aliketi, akashukuru, akasema kuna joto. Mama Mkubwa akaja na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na glasi, na ndani ya glasi kulikuwa na maji ambayo sijawahi kuyaona ndani ya nyumba ile. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Nilijua ameyafanyaje, kwa sababu nilimshikia kitambaa: aliyatuliza kwa shabu, lile jiwe la kushusha tope, akayachuja kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akayachemsha kwa mkaa wote uliokuwa ndani, akayachuja tena, akayapoza mtungini. Yalikuwa maji ya mgeni. Sisi wenyewe asubuhi hiyo tulikunywa yale ya ndoo, kisha akamwaga yaliyobaki.

Afisa alikunywa yote. Akafuta mdomo.

"Mazuri," akasema. "Ya baridi."

Uso wa Fundi ulianza kubadilika. "Mheshimiwa," akasema, "hayo siyo maji yetu."

"Siyo yenu? Ni ya nani?"

"Ni yangu!" akadakia Mama Mkubwa, ameumia. "Kwani nimeiba?"

"Shoga yangu, sijasema umeiba…"

"Umesema mbele ya mgeni kwamba maji ya nyumbani kwangu si yangu."

"Twende nyumba ya pili," Fundi akasema haraka.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mke wa muuza mkaa. Huyo hakupungukiwa mkaa. Alitoa jagi zima, maji meupe, na ndani yake alikuwa ametia vipande vya limau vinavyoelea. Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi wa kona, ambaye alimwomba afisa radhi kwa sababu ya kwake hayakuwa ya baridi sana. Yalikuwa safi kama machozi. Kila mlango tuliopita mwanamke alikuwa amesimama na sinia mkononi, anatabasamu. Kila mmoja alikuwa amefikiri wengine ndio watakaoonyesha yale machafu.

"Basi nionyesheni hayo mnayolalamikia," afisa akasema. Hakuwa na kejeli. Alikuwa anauliza kweli.

Watu wakatazamana.

"Tumeyamwaga," dada akasema.

"Kwa nini?"

Bibi wa kona akasema, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mgeni alikuwa anakuja."

Fundi alikimbilia dukani kuchukua ndoo yetu ya pasi. Nilikuwa nimeiosha asubuhi. Yeye ndiye aliyeniambia niioshe.

Afisa alifuta kipara chake. "Kina mama, hongereni kwa usafi. Kuna mahali nimekwenda, hata pa kukanyaga hapakuwapo." Akaingia garini. Mke wa muuza mkaa alimpa dereva limau.

Jioni ile dukani hapakukalika.

"Ulitaka nimpe tope?" Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. "Mtu ameingia nyumbani kwangu, ana kiu, nimpe tope?"

"Ndiyo! Tope! Tope ndilo lililomleta!"

"Mimi sikulelewa hivyo."

"Na mimi nililelewa vipi? Nilizaliwa kwenye mtaro? Mwenzangu, miezi mingapi nimekaa kwenye baraza lao nikiwatia aibu, halafu anakuja mnampa limau!"

"Limau si langu."

"Ni langu," akasema mke wa muuza mkaa kwa sauti ndogo. "Na lilikuwa la mwisho."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, ila Fundi. Yeye alikaa kwenye cherehani, akakanyaga bila kitambaa, sindano ikatoboa hewa tu. Mimi nilikuwa nikirudisha vifungo kwenye kasha lake. Nilikuwa na maneno mengi na hakuna hata moja lililojua njia ya kutokea.

Baada ya wiki kadhaa tukasikia bomba limekwenda mtaa wa pili, ng'ambo ya barabara kuu. Watu wa huko si wabaya kuliko sisi wala si wema kuliko sisi. Inasemekana afisa alipofika, mama mmoja alikuwa anafua, akamsogezea ndoo bila kuinuka, akamwambia angalia mwenyewe. Ndani kulikuwa na chura.

"Chura!" Fundi alipiga meza mpaka mikasi ikaruka. "Wenzetu wana chura, sisi tuna limau!"

Ule usemi ukabaki. Hata leo mtu akikosa kitu kwa ustaarabu wake, mtaani kwetu huambiwa, "Si una limau?"

Mzee akaugua tena. Safari hii hakusimama. Tulimpeleka zahanati pamoja na Mama Mkubwa, dada amembeba mgongoni, mimi nimeshika kikombe kwa sababu bila kikombe hata dawa hanywi. Walimtundikia dripu. Alilala pale na ule uso wake, kamkunjia nesi, kaukunjia mrija. Tulipoona anakunja uso tulishukuru, maana njiani hata kukunja alikuwa hawezi.

"Mnachemsha maji?" nesi akauliza.

"Tukipata mkaa," dada akasema.

"Na msipopata?"

Dada akamfuta Mzee mdomo. Nesi alichukua kikombe amtilie maji ya chumvi na sukari. Akakitazama ndani. Mstari ulikuwepo. Akakirudisha kwa Mama Mkubwa, akaleta kingine. Mzee akakikataa.

Mama Mkubwa alikaa na kile kikombe mapajani saa zote tulizokaa pale. Alikuwa anaupitisha ukucha wake juu ya mstari, anazunguka, anazunguka. Mzee alipopata nafuu na kuruhusiwa, Mama Mkubwa alikibeba kikombe mwenyewe njia nzima.

Fundi alikwenda ofisini na chupa. Alinichukua mimi niibebe. Maji yake yalikuwa kama yale ya kuoshea viazi. Mwanamume wa dirishani aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, akaiweka chini taratibu.

"Mama, hii chupa haiwezi kusema imetoka wapi."

"Mimi nasema. Imetoka bombani kwetu."

"Taarifa ya ukaguzi inasema maji ya mtaa wenu yako vizuri. Afisa aliyanywa mwenyewe."

"Alikunywa ya mgeni!"

"Samahani?"

Fundi alijaribu kueleza. Nilimwona mtu mzima, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akieleza kuhusu shabu na kitambaa na limau mbele ya kidirisha chenye tundu dogo, na yule bwana akitikisa kichwa kwa adabu kama anayesikiliza ndoto. Nyuma yetu foleni ilianza kuguna. Mwisho akatuambia tujaribu mwakani.

Lakini kabla ya mwakani, ofisi yenyewe ikaja. Haikuja kwa ajili ya maji. Ilikuja kwa ajili ya kilima. Kulikuwa na siku ya kupanda miti, kwa sababu ya tabianchi, na kilima chetu kilikuwa karibu na barabara, gari linafika, picha zinatoka vizuri. Afisa wetu yuleyule ndiye angepanda mti wa kwanza.

"Wa kwanza!" Fundi akasema. "Na ile yetu ni nini, nywele?"

Akaitisha kikao. Safari hii alifunga mlango.

"Sikilizeni. Hakuna shabu. Hakuna kuchuja. Hakuna kitambaa. Atapanda mti wake, jua litampiga, ataona kiu. Tutampa maji ya bomba kama yalivyo. Mbele ya wapiga picha wake. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," wote wakasema.

"Nani atampelekea?"

Hapo watu wakaanza kutazama dari. Mke wa muuza mkaa akasema mkono wake hautakubali, utamwaga njiani. Bibi wa kona akasema magoti yake hayapandi kilima, na tunajua kwamba hupanda kila juma kutafuta kuni. Baba mmoja akasema kumpelekea mgeni maji ni kazi ya kina mama. Fundi mwenyewe akasema yeye kazi yake ni kuzungumza.

"Glasi zangu hazitatumika," akasema Mama Mkubwa.

Ndipo nikaona macho yote yananigeukia.

"Kimya apeleke," mtu akasema. "Huyu haongei. Hata mgeni akikasirika, atakasirika na nani?"

Wakacheka, wakafurahi, jambo likaisha. Hakuna aliyeniuliza. Nilifikiri Mama Mkubwa angenitetea. Aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi na kitu amekifunika kwa upande wa nguo yake. Akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kikombe cha Mzee. Hakikusuguliwa.

Siku ya miti walikuja na magari, turubai, spika na bango refu lenye maneno ya kuokoa mazingira. Gari moja liliegeshwa juu ya miche yetu. Fundi alipiga kelele mpaka likasogezwa, lakini mitatu ilikuwa imeshalala. Mtu wa spika alisema kilima hiki kilikuwa kimesahauliwa hadi leo. Mashimo yalikuwa yameshachimbwa, udongo umeshalainishwa. Afisa alichuchumaa, akaweka mche, akaujazia udongo kwa mikono yake, na nasema kweli, aliupanda vizuri. Aliubana kwa vidole kama anayejua. Wakampiga picha. Akainuka, mikono imejaa udongo hadi kwenye saa, anafuta kipara kwa mkono wa shati.

Fundi akanisukuma mgongoni. "Nenda."

Nikaenda. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka juu ya mstari, nimekiweka kwenye sinia ya Mama Mkubwa. Maji yalikuwa ya asubuhi ileile, ya kahawia, na kwa chini kulikuwa na vumbi linalozunguka polepole. Nilitembea mpaka nikawa mbele yake. Nikapiga goti kidogo, nikainua sinia.

Afisa akatazama kikombe. Akanitazama mimi. Uso wake ukafunguka kwa shukrani.

"Ahsante sana, binti," akasema. "Umefikiria vizuri."

Akachukua kikombe, akainama pembeni, akanawa mikono.

Alinawa kwa utaratibu, mkono huu kisha huu, katikati ya vidole. Maji yalitiririka mpaka kwenye mche wake. Nilikuwa bado nimeinua sinia. Hata mimi niliona kwamba maji yale, kwa mtu yeyote anayetoka kwingine, yalikuwa wazi kabisa ni ya kunawa.

"Ya kunywa!" Fundi alilia kutoka nyuma, sauti yake ikapasuka. "Hayo ni ya kunywa! Ndiyo tunayokunywa, mheshimiwa!"

Mikono ya afisa ikasimama. Alitazama ndani ya kikombe. Sijui aliona nini, lakini mpiga picha mmoja akashusha mashine yake.

"Haya?" akasema.

"Hayo. Na hicho ni kikombe cha mtoto."

Sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliona haya mpaka kipara kikabadilika rangi. Alisema palepale kwamba lazima yapimwe, akamwita dereva alete chupa safi. Kisha wakatazama kikombe, na ndani mlikuwa mmebaki kiasi cha kulowesha ulimi. Hakitoshi kupimwa, wakasema, na lazima yachukuliwe bombani penyewe. Tukaenda bombani, watu wazima na magari yao, tukashuka kilima. Fundi akafungua.

Likakohoa.

"Nitamtuma mtu," afisa akasema. Alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili, ile aliyoinawa. "Nawaahidi. Nitamtuma mtu na chupa."

Mtu wa chupa bado hajaja. Mvua imekuja ikaondoka, imebomoa upande mmoja wa kilima, na miche iliyoshika udongo ni ile yetu ya zamani, yenye miiba. Mti wa afisa nao umeshika. Fundi anaumwagilia pamoja na mingine, anautukana kwanza ndipo anaumwagilia. Ameanza tena kubeba cherehani kwenda kule barazani.

Kitu kimoja kimebadilika nyumbani. Mama Mkubwa ametoa glasi moja ya harusi, ameijaza maji ya bomba, yasiyochujwa, ameiweka katikati ya meza ya wageni. Ameifunika kitambaa alichodarizi mwenyewe. Kila asubuhi bomba likitoa anaibadilisha. Mgeni yeyote akiingia, awe wa kanisani, wa msikitini, wa kudai au wa kusalimia, Mama Mkubwa anamkaribisha kiti, anakifunua kitambaa, anakaa mkabala naye, anangoja. Nadhani hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya kuliko kile. Watu wa kwetu nao wanajaza glasi zao sasa, nyumba kwa nyumba.

Mzee yuko. Anazunguka uani mikono nyuma, shingo bado nyembamba. Mkaa ukiwepo tunachemsha, usipokuwepo anaomba maji hivyohivyo, anasimama na kikombe chake mpaka apewe.

Fundi husema siku ile ya miti tulikosa kwa sababu yeye alichelewa kupiga kelele. Si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na afisa kuliko watu wote. Nilikuwa nimemwinulia sinia, uso wangu unalingana na mikono yake, naona maji yanavyopita kati ya vidole. Nilikuwa na la kumwambia. Lilifika mpaka kwenye meno likarudi. Watu wamecheka wakasema hata kama ningekuwa na sauti ningemwambia pole, au karibu, au samahani mheshimiwa umekosea. Si hayo. Nalisema sasa.

Usinawe, baba. Kunywa. Kunywa yote, taratibu, mpaka ule mstari ubaki peke yake. Mzee wetu huyamaliza.